Chumba kipya cha moto kwa jiko la vifaranga

Anayelea vifaranga Tabora huogopa alfajiri za Juni na Julai kuliko anavyoogopa mwewe. Mji wetu uko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na kipupwe kikiingia anga linakuwa tupu bila wingu hata moja. Mchana utatembea na shati jepesi, lakini jua likishazama ardhi inapoteza joto lake haraka, na ikifika saa kumi na moja alfajiri hata mtu mzima anajikunyata. Sasa mweke hapo kifaranga wa siku moja, mwenye manyoya laini yasiyozuia baridi na mwili ambao bado hauwezi kujitengenezea joto la kutosha. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzijoto 32 hadi 35. Kila wiki unashusha nyuzi 2 au 3, mpaka manyoya ya kweli yamjae kwenye wiki ya 4 au ya 5. Kabla ya hapo, baridi ya usiku mmoja tu inatosha: wanajibana kwenye kona, wanapandana, na asubuhi unaokota waliokosa hewa chini ya rundo.

Wengi wetu tulianzia kwenye mkaa. Unajaza jiko, unasubiri moshi uishe, unaliingiza bandani na kushusha mapazia. Mkaa ule hautoi moshi, lakini unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inaua vifaranga, na inamuua pia anayelala bandani kuwalinda. Halafu kuna suala la misitu. Matanuri ya udongo ya porini yanakula kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, na kuni zenyewe ni miombo yetu: mitundu, miyombo, hata mininga michanga ambayo ingeachwa ingekuwa mbao. Taa za umeme ni nzuri, ila umeme ukikatika saa nane usiku una muda mfupi sana wa kutafuta joto jingine.

Ndiyo maana bandani kwetu, huku Ipuli, kuna jiko la roketi lenye benchi la udongo. Makala hii inaeleza tulivyolibadilisha chumba cha moto bila kulibomoa lote, na kwa nini naona mabadiliko hayo yana maana kubwa kuliko jiko lenyewe.

Kanuni za jiko la roketi ziliwekwa na Mmarekani Larry Winiarski mwanzoni mwa miaka ya 1980, akifanya kazi na kituo cha Aprovecho huko Oregon. Moto uwe mdogo na mkali, kuni ziwe kavu, na juu ya moto kuwe na dohani fupi iliyozungushiwa kitu kisichopitisha joto. Ndani ya dohani hiyo moshi wenyewe unashika moto. Maana moshi ni kuni ambazo hazijamaliza kuungua. Ukiupa joto, hewa na nafasi, unaungua, na kinachotoka mwisho ni mvuke na hewa ukaa. Ianto Evans, aliyetoka kituo hicho hicho, akauchukua moto huo akaufanya wa kupasha nyumba: akaifunika dohani kwa pipa, kisha akaipitisha hewa moto ndani ya benchi refu la udongo kabla haijatoka nje. Joto linabaki kwenye udongo, na udongo unalitoa polepole moto ukiwa umeshazimika.

Kwa mtu wa Tabora wazo hili si geni. Aliyekulia Urambo, Kaliua au Sikonge anajua bani la tumbaku: moto uko nje ya ukuta, joto linaingia kwa mabomba yanayolala sakafuni, na majani yanakauka bila kuguswa na moshi. Banda letu linafuata mpango huo. Mlango wa kuni uko nje, chini ya kibaraza. Pipa limesimama ndani na kuzungushiwa wavu ili kifaranga asilikaribie, benchi limelala kando ya ukuta, na bomba la moshi linatokea juu ya bati. Moto hauvuti hewa ya bandani, na moshi wake hauna njia ya kuingia humo.

Chumba cha moto cha mwanzo kilikuwa cha mtindo wa herufi J. Kuni zinasimama wima kwenye tundu, zinaungua kwa chini, ulimi wa moto unalala kwenye kijia kifupi kisha unapanda dohani. Ni mtindo mzuri, mwepesi kujenga, na moto wake ni safi. Ila unataka vijiti vyembamba, na unataka mtu. Kila baada ya nusu saa hivi vijiti vimeshuka, vingine vinatakiwa kuingia, na kimoja kikikwama moto unapanda mahali pa kuingizia kuni na kibaraza kinajaa moshi. Benchi likishashiba joto unaweza kwenda kulala, lakini kulifikisha hapo ni kazi ya saa tatu nne za kukaa mbele ya jiko.

Aliyekuwa anakaa hapo ni mtoto wa dada yangu, aliyekuwa kidato cha tatu. Hakulalamika. Alivuta kigoda, akaweka daftari mapajani, akatundika taa ya sola ukutani na kusoma kati ya kijiti na kijiti. Baadaye mwalimu wake akaniuliza, kwa upole kabisa, kama kijana anaumwa, kwa kuwa kipindi cha kwanza anasinzia. Nilipomuuliza mwenyewe alisema, "Ma'mdogo, nikilala mimi wao watakufa." Kuanzia siku ile hesabu yangu ya jiko ikabadilika. Tunapozungumzia majiko banifu tunahesabu kuni tu: limepunguza mzigo mmoja, limepunguza miwili. Usingizi hauhesabiwi na mtu, na mara nyingi usingizi huo ni wa mama au wa mtoto. Chumba cha moto ndicho kinachoamua nani atakesha. Benchi letu lilikuwa halina tatizo, pipa halina tatizo. Kilichokuwa kinamkeshesha kijana ni lile tundu la vijiti.

Mholanzi Peter van den Berg alilishughulikia swali hili kwa miaka, akijenga, akiwasha na kupima moshi kwa mashine, mpaka akapata vipimo vya chumba cha moto unachokijaza kuni mara moja, ukafunga mlango, kikajiunguzia chenyewe kwa muda unaokaribia saa nzima. Vipimo vyake vinatumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na kila mwenye rula anaweza kuvifuata, kwa sababu vyote vinatokana na kimoja: upana wa dohani kwa ndani. Unauzidisha kwa 0.7234 unapata kipimo cha msingi. Dohani yetu mpya ina sentimita 15, kwa hiyo msingi ni 10.85. Upana wa chumba ni mara mbili ya msingi, yaani sentimita 21.7, kimo ni mara tatu, 32.5, kina ni mara nne hadi tano na nusu. Sisi tulichukua mara nne, sentimita 43 na kitu, kwa kuwa kibaraza hakikuruhusu zaidi. Dohani yenyewe inatakiwa kupanda mara nane hadi kumi ya msingi, kati ya sentimita 87 na 108.

Kisha kuna mwanya unaounganisha chumba na dohani, na hapo ndipo siri yote ilipo. Upana wake ni nusu ya msingi na kimo chake ni mara 2.2. Kwetu hiyo ni sentimita 5.4 kwa 24, wima, kwenye ukuta wa nyuma kabisa.

Fundi wetu ni mzee wa rika la baba yangu, mtu aliyejenga mabani Urambo ujana wake wote. Nilikuwa nimeukata mwanya huo kwenye kipande cha boksi ili auone kwa ukubwa wake halisi. Akakishika, akapenyeza vidole vitatu vikabana, akanitazama.

"Mwanangu, moto wote ule upite hapa?"

"Upite hapo, mzee wangu. Tukiupanua tu, umeharibika."

"Kwenye bani tunaacha mdomo, unaingiza gogo zima. Hapa utasongwa na moshi."

Hoja yake ilikuwa na uzito, kwa sababu moto wa bani ni wa kuvuta polepole na hauhitaji kumaliza moshi wake. Huu wetu unahitaji. Eneo la mwanya ni asilimia 70 na kidogo ya eneo la dohani. Moshi ukifika hapo unabanwa, mwendo unaongezeka, na unagonga ukuta wa mbele yake ndani ya dohani kwa kasi. Ukigonga unagawanyika, nusu kulia nusu kushoto, na kila upande unajiviringisha huku ukichanganyika na hewa. Mchanganyiko huo ndio unaoumaliza moshi. Ukipanua mwanya kwa huruma, kasi inakufa na viringo havitokei tena.

Tulipowasha mara ya kwanza pipa lilikuwa bado halijarudishwa. Mzee alifungua kioo cha pikipiki yake, akakifunga kwenye fito ndefu, akakishikilia juu ya dohani na kuchungulia akiwa kando. Mwanzoni kulikuwa na moshi wa kijivu tu. Baada ya dakika chache ukaanza kupungua, mngurumo ukaingia, mzito na wa chini, na kwenye kile kioo tukaona miali miwili imejipinda kutoka katikati kwenda pembeni, mfano wa pembe za kondoo dume. Alitazama mpaka kioo kikaanza kupasuka kwa joto. Kisha akaomba kalamu, nimtajie tena vipimo aviandike.

Juu ya mwanya tuliweka kijia cha hewa. Ni bomba la mstatili, lile linalotumika kwenye mageti, linaloingia juu ya mlango, linapita chini ya dari ya chumba na kupinda kidogo mbele ya mwanya. Eneo lake ni asilimia 5 tu ya dohani, sentimita za mraba 9 hivi. Hewa inayopita humo inafika ikiwa imeshapata moto, na inaukuta moshi palepale unapobanwa. Kijia hiki kinaonekana kidogo lakini usikiache. Bila hicho, kuni zikishika zote kwa pamoja moshi unakuwa mwingi kuliko hewa, na bomba la juu ya bati litakuonyesha mara moja.

Vifaa ni vya hapahapa. Ndani ya dohani joto linapita nyuzi 900, na chuma kikikaa humo kinachubuka tabaka kwa tabaka mpaka kiishe, kwa hiyo dohani ya bomba la chuma isikudanganye. Tulifinyanga matofali ya udongo wa kichuguu na vumbi la mbao, nusu kwa nusu kwa ujazo. Yakichomwa, vumbi linaungua na kuacha vijitundu. Tofali linabaki jepesi na halipitishi joto kirahisi. Nje ya dohani tukazungusha bati na katikati tukajaza majivu ya pumba za mpunga. Mpunga unalimwa sana Igunga na Nzega, na pumba zinarundikana nyuma ya mashine za kukoboa mpaka wenye mashine wanakushukuru ukizibeba. Majivu yake karibu yote ni silika, hayaungui tena, na yanazuia joto vizuri sana. Kuta za chumba cha moto chenyewe ni matofali ya kuchoma yaliyoiva kisawasawa, yale ya katikati ya tanuri, yenye mlio wa kengele ukiyagonganisha, na kiungio ni udongo na mchanga. Saruji haifai karibu na moto. Inapasuka na kuwa unga.

Sasa, dohani ya zamani ilikuwa ya sentimita 20. Watu wananiuliza kwa nini tumeshuka hadi 15 wakati tulitaka joto lile lile. Chumba cha kujaza kinaunguza kuni nyingi kwa wakati mmoja, na kwa upana uleule wa dohani kina nguvu kubwa kuliko J. Cha sentimita 15 kinakaribia kazi ya J ya 20. Ukiweka chumba cha kujaza cha 20 kwenye benchi lililojengwa kwa ajili ya J ya 20, joto halipati pa kuingia. Linapita juu kwa juu na kutokea kwenye bomba, na wewe unapasha anga ya Tabora kwa kuni za miombo. Anayefikiria mabadiliko haya naomba aanzie hapo, kabla hajagusa udongo.

Benchi nalo tulilifungua. Ndani kulikuwa na mfereji wa matofali unaokwenda na kurudi, na kila kona inakwaza mvuto wa hewa kuelekea bomba la moshi. Tulitoa ukuta wa kati na kuliacha tupu, na nguzo chache za kubeba kifuniko. Hewa moto ikiingia inapanda na kukaa juu, inawapa udongo na matofali joto lake, ikipoa inashuka. Bomba la kutokea linaanzia chini, karibu na sakafu, hivyo linachukua ile iliyokwisha kupoa. Kwa dohani ya sentimita 15, kuta zinazopokea joto, bila sakafu, zinatakiwa zisizidi sana mita za mraba 5. Benchi letu kwa ndani lina urefu wa mita 2.2, upana nusu mita na kimo sentimita 40, ambazo zinatoa mita za mraba 3.3 hivi, ongeza pipa la lita 200, karibu 1.9. Ukizidisha sana kuta hizo, hewa inafika kwenye bomba ikiwa imepoa mno, mvuto unalegea na mvuke unageuka maji ndani ya bomba.

Wajenzi wa majiko haya wana kanuni moja ninayoipenda kuliko zote: joto linatembea ndani ya udongo takriban sentimita 2 na nusu kwa saa. Unene wa benchi letu, tofali na udongo wa juu yake, ni sentimita 15. Hiyo ni safari ya saa sita. Mzigo wa kwanza wa kuni unaingia saa kumi na mbili jioni, wa mwisho saa tatu usiku, kisha nyumba nzima inalala. Pipa ndilo linalotoa joto la jioni, papo hapo. Joto la ule mzigo wa saa tatu linaanza kutokeza juu ya benchi karibu saa tisa usiku na linaendelea kutoka wakati baridi inapouma kabisa, saa kumi na saa kumi na moja. Unene wa udongo ndio saa yako. Ukitaka joto lifike mapema, punguza unene. Ukitaka lichelewe, ongeza. Kuta nene za tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, zinafanya kazi hiyo hiyo kwa jua badala ya kuni.

Kipimajoto chetu kinaning'inia usawa wa mgongo wa kifaranga, maana joto la usawa wa kichwa chako halimhusu. Lakini vifaranga wenyewe ni kipimo bora. Wakiganda ukutani kwenye benchi, kuna baridi. Wakitawanyika mbali na benchi, mbawa zimelegea na midomo wazi, joto limezidi. Wakilala wametapakaa juu ya maranda, kila mmoja na nafasi yake, wengine wakila, funga mlango uende zako.

Kuni ndizo zinazohitaji nidhamu. Chumba hiki kinakubali vipande vinene kama mkono wa mtu mzima, na hilo limetuondolea kazi ya kuchanja vijiti, lakini hakikubali ubichi. Tunatumia mabaki ya mafundi seremala na matawi ya miembe inayopunguzwa baada ya msimu, na Tabora ina miembe isiyo na idadi. Yanapasuliwa na kupangwa chini ya bati kabla mvua za Novemba hazijaanza. Unapopanga kuni ndani, zisifike juu ya mwanya na zisiuzibe kwa nyuma. Washa kwa mbele, karibu na mlango, upande wa juu, ili moto uende ukila kurudi nyuma taratibu. Ukiwasha nyuma, zote zinashika kwa mpigo.

Na jambo moja nalisema kwa kila anayekuja kuangalia. Makaa yakibaki mekundu ndani, hewa ipunguzwe tu, isifungwe kabisa, na bomba la juu lisizibwe kamwe. Makaa yanayokosa hewa ndiyo yanayotoa ile kaboni monoksaidi tuliyoikimbia kwenye mkaa. Ni kweli kwamba upenyo huo unapoteza joto kidogo usiku. Lipotee.

Kinachochakaa haraka ni ile ncha ya kijia cha hewa mbele ya mwanya na matofali mawili ya mwanya wenyewe. Tuliyajenga bila kuyafungia, yanachomoka kwa mkono, na akiba yake iko juu ya kenchi.

Jirani yetu wa kuku wa mayai sasa anataka jiko kama hili kwa banda kubwa zaidi, na mzee ameshakubali kazi. Tumempangia dohani ya sentimita 18. Msingi ni 13, chumba upana 26, kimo 39 na kina 52, mwanya 6.5 kwa 28.6, dohani isipungue sentimita 104, na kuta za benchi na pipa zifike mita za mraba 7 na nusu. Matofali ya vumbi yameshafinyangwa na yanakauka kivulini. Yataingia tanurini yakishakuwa makavu hadi ndani.